Ameandika kwamba hakuwa na mwalimu, na mwalimu nilikuwa mimi

Shikamoo dada mshauri,

Naandika saa moja asubuhi nikiwa ndani ya gari, nje ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Zamu ya usiku imeisha lakini sijawasha gari, kwa sababu nyumbani kuna karatasi mbili juu ya meza na sijui nizifanyeje.

Mimi ni Mtanzania, naishi Minnesota, Marekani, na mume wangu na watoto wawili. Binti ana miaka 17, mdogo wake wa kiume ana 10. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona mwaka 2020 watoto walikaa nyumbani kama watoto wa watu wote, ila zilipofunguliwa sisi hatukuwarudisha. Binti alikuwa ameanza kuonewa na wenzake darasa la sita, chakula hakipiti, na tulipoona nyumbani amechangamka tukasema acha tuendelee. Hapa inaruhusiwa. Kila mwaka kufikia tarehe 1 Oktoba wilaya ya shule inatakiwa iwe imepata taarifa yako, na mtoto anafanya mtihani wa kupimwa mara moja kwa mwaka. Sijawahi kukosa.

Sasa yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwaka jana alianza kuchukua masomo kwenye chuo cha miaka miwili kilicho karibu nasi kupitia PSEO, ule mpango ambao jimbo linamlipia mwanafunzi wa sekondari masomo ya chuo. Uandishi alipata A. Kemia, pamoja na maabara yake, alipata B+. Mwalimu wa kemia ndiye aliyemwambia aombe programu za wanafunzi bora, zile ambazo chuo kikuu kinachagua wachache, wanasoma kwenye madarasa madogo na kumalizia na utafiti wao wenyewe. Anaomba vyuo vitatu. Cha kwanza mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 1 Novemba.

Mtoto aliyeko shuleni, shule ndiyo inayotuma transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zake, na mshauri wa shule ndiye anayeandika barua. Kwetu sisi shule ni mimi. Nimefungua akaunti Common App, ile tovuti ya kutuma maombi kwenye vyuo vingi kwa pamoja, kama mshauri wa shule, nikakuta maswali: mnatoaje alama, kwa nini mlichagua kusomesha nyumbani, masomo gani kayasoma nje. Nikajaza. Kwenye barua nikaandika kwamba mwaka wa tisa wa shule nilimfundisha mwenyewe hesabu, baiolojia, historia na fasihi, saa tano kila siku. Alama nikaweka A zote.

Juzi binti akaniwekea mezani insha yake ya maombi ya chuo. "Mama, nisomee, uone kama Kiingereza kimekaa vizuri." Niliisoma nimesimama, koti sijavua. Nikiitafsiri kwa Kiswahili, inaanza hivi: "Mwaka wangu wa tisa sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na ratiba niliyoibandika mlangoni mwa friji, na mdogo wangu wa miaka saba aliyedhani mimi ndiye shule."

Dada, ni kweli, na ndiyo maana inaniuma. Mwaka ule, 2022 kuingia 2023, mume wangu aliumia mgongo kazini, akapasuliwa, akakaa ndani miezi kumi na minne. Mimi nikachukua zamu mbili. Nilikuwa narudi asubuhi natembea kwa kushika ukuta. Binti anaamka, anampa baba yake uji, anamfundisha mdogo wake kusoma, ndipo anakaa na vitabu vyake. Alikuwa na daftari kubwa la jalada la kijani. Swali likimshinda analiandika ukurasa wa kushoto, wa kulia ananiachia nijibu nikirudi. Mengine nilijibu. Mengine nililalia. Kuna ukurasa mmoja una duara la kikombe cha chai, na mstari wa kalamu nyekundu ulioteremka mpaka chini, pale usingizi uliponichukua.

Mume wangu anasema insha ibadilishwe, ya nyumbani kwetu hayasomwi na wageni. Rafiki yangu wa kanisani, ambaye mwanawe aliingia programu ya namna hiyo, anasema mimi najitia ugumu bure. Niongeze maabara ya baiolojia kwenye transkripti, na shemeji yangu mwenye shahada ya uzamili aandike barua kama mwalimu wake. "Majina yenyewe hayafanani, nani atajua?" Mimi nina hofu mbili. Wakiona barua yangu inasema hivi na insha inasema vile, watamtupa mtoto. Na wakiiamini insha, wataniona mama aliyemtelekeza mwanawe, na nchi hii neno hilo si la mchezo.

Nikuambie na hili, ingawa sijui kama linahusu. Kidato cha nne mimi nilirudia nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Namba yangu ya mtihani ilianza na P, si S kama ya wenzangu wenye shule. Nilisoma peke yangu jikoni kwa shangazi, na mpaka leo nikikuta fomu inauliza shule uliyosoma, mkono unakuwa mzito. Niliapa wanangu hawatakuwa watoto wa P.

Nimwambie afute yake? Au nifute yangu?

Mama wa daftari la kijani

*

Marahaba, mdogo wangu.

Pole kwa mwaka ule. Umeuandika kwa mistari michache, lakini nimeuona wote, na uji na ukuta uliokuwa ukiushika.

Kama nimekuelewa, una karatasi mbili zinazosimulia mwaka mmoja. Yako ina mwalimu, saa tano kila siku na A zote. Yake ina friji, ratiba na mtoto wa miaka saba. Unaniuliza ipi ifutwe. Naona pia swali jingine ambalo hukuliandika, la kama ulikuwa mama mwema mwaka ule, na nadhani hilo ndilo lililokuzuia kuwasha gari, kuliko hata tarehe 1 Novemba.

Nianze na jambo dogo. Binti yako amepata A ya uandishi kwenye chuo. Ana mwalimu wa chuo anayeweza kumsahihishia, na kuna kompyuta. Insha yake aliileta kwako, akaiweka mezani saa anayojua unarudi, kama alivyokuwa akiliweka daftari. Sijui moyoni mwake kulikuwa na nini na sitaki kumsemea. Ila ningekuwa wewe ningejiuliza kama kweli alitaka usome Kiingereza, au alitaka tu usome.

Halafu kuna neno "mwalimu". Umeisoma sentensi yake kama shtaka, na mtu aliyetoka zamu mbili ataisoma hivyo hivyo. Lakini sentensi yenyewe inasema "sikuwa na mwalimu", haisemi "mama hakunifundisha". Msomaji wa chuoni hakujui wewe. Anamsoma binti aliyejipangia masomo akiwa na miaka 14, na programu hizi zinamtafuta mtu wa namna hiyo hasa. Mojawapo ya mizizi ya programu hizi ni chuo kidogo cha Swarthmore, Pennsylvania. Mwaka 1922 rais wa chuo hicho, Frank Aydelotte, ambaye mwenyewe alikuwa amesoma Oxford, aliwaruhusu wanafunzi wachache wa miaka miwili ya mwisho waachane na madarasa ya kawaida. Wakawa wanajisomea, wanakutana vikundi vidogo kujadiliana na walimu, na mwisho wanatahiniwa na watu kutoka nje ya chuo. Kusoma bila kusimamiwa kila saa kulikuwa ni heshima, na ilibidi uonekane unaiweza.

Ila sikupambii. Wanafunzi wale walichagua, tena walikuwa watu wazima wenye mwalimu mlango wa pili. Binti yako hakuchagua. Yawezekana mwaka ule ulimkomaza na ukamwacha mpweke pia, na insha ya maneno mia sita na kitu haiwezi kubeba yote mawili kwa uzito sawa. Umewahi kumuuliza ulikuwaje kwake? Simaanishi masomo, namaanisha siku yenyewe, kuanzia anaamka mpaka unaingia mlangoni. Barua yako imenieleza ulivyokuwa kwako. Imenieleza pia mumeo anasemaje, rafiki wa kanisani anasemaje, mwalimu wa kemia alisemaje. Kuhusu yeye mwenyewe sijasikia anataka kusomea nini, wala kama hii programu anaitaka au amependekezewa tu akaona aibu kukataa. Uliza, maana raha zipo: madarasa madogo, mara nyingi kutangulia kuchagua masomo kabla ya wenzao, pengine bweni lao. Lakini kazi huongezeka, na wastani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa nafasi hupotea. Kijana aliyesoma peke yake miaka mitano anaweza kustawi kwenye meza ya watu kumi na wawili. Mwingine anakuwa amechoka kuangaliwa kwa karibu, anataka tu kukaa nyuma kwenye ukumbi wa watu mia tatu asiulizwe kitu.

Sasa hizo karatasi.

Unaweza kumwomba afute. Una haki ya kumwambia inakuuma, na mumeo ana haki zaidi, kwa sababu ugonjwa ulioandikwa mle ni wake. Ninachoogopa ni kwamba atakubali haraka. Mtoto aliyezoea kubeba nyumba ataibeba na hii, aandike insha safi kuhusu kujitolea maktaba, na wewe hutajua kamwe alikuwa anajaribu kukuambia nini. Kuna njia ya katikati: insha ibaki yake, lakini mkae pamoja mwone sentensi zipi ni zake mwenyewe na zipi ni za baba yake au za mdogo wake. Kusema baba alikuwa mgonjwa kunatosha. Mgongo, upasuaji na miezi kumi na minne si lazima viende kwa mgeni, na kikishatumwa hakirudi.

Unaweza kuiacha insha ukageuza barua yako. Kama hujabonyeza kutuma, bado iko mikononi mwako. Tatizo la barua hiyo, nikuambie kama dada, ni zile saa tano kila siku. Sentensi tatu za kweli zingeweza kukaa mahali pake: kwamba mwaka wa tisa baba yake aliugua nawe ukafanya kazi usiku, kwamba mlimchagulia vitabu akasoma mwenyewe, na kwamba maswali yake ulimjibu kwa maandishi kwenye daftari. Hata kuandika "nilimjibu mengine" si vibaya. Barua ya namna hiyo ikisomwa baada ya insha, zinashikana mikono. Ubaya wake ni kwamba utajianika mbele ya watu usiowajua, na pengine bado hujawa tayari kuyasoma maneno hayo wewe mwenyewe.

Hofu yako ya kuitwa mtelekezaji siipuuzi. Anayesoma maombi chuoni kazi yake ni kuchagua wanafunzi, hakuajiriwa kuchunguza nyumba za watu, nawe taarifa ulipeleka na mtihani wa kila mwaka mtoto alifanya. Nakala zake ziweke kwenye faili moja. Lakini mimi si mwanasheria. Kama kuna jambo la karatasi za uhamiaji ambalo hukuliandika, tafuta mwanasheria wa huko umuulize kabla chochote hakijatumwa.

Zile A nazo. Vyuo vinajua kwamba mzazi anayemsomesha mwanawe ndiye anayemwekea alama, kwa hiyo hutafuta jicho la nje. Binti yako analo: A ya uandishi, B+ ya kemia, na matokeo ya ile mitihani ya kila mwaka. Mimi hiyo B+ naipenda sana, imetoka kwa mtu asiyemjua. Kwa mwaka wa tisa unaweza kuacha A na kueleza kando ulitumia kipimo gani, au uandike amefaulu bila herufi. La pili lina adha yake, kwa sababu vyuo vingine huanza kuchuja kwa wastani wa alama, na somo lisilo na herufi linawavuruga. Piga simu ofisi ya udahili uwaulize wanapendelea lipi kwa waliosomea nyumbani. Kwenye ofisi nyingi yupo anayeshughulikia maombi ya aina hii, na kuuliza hakumpunguzii mtoto kitu.

La rafiki wa kanisani limenitia wasiwasi kuliko insha. Najua anakutakia mema. Lakini mwombaji hutia sahihi kwamba aliyoyatuma ni ya kweli, na chuo kinaweza kufuta nafasi hata baada ya kuitoa. Maabara isiyofanyika, na shemeji kugeuzwa mwalimu wakati vyuo vingi vinasema wazi ndugu asiandike, adhabu yake itamwangukia binti. Isitoshe yeye ataiona transkripti hiyo. Aliyeandika "sikuwa na mwalimu" kwa mkono wake atasoma kwamba alikuwa naye, tena ni baba mdogo. Wakati mwalimu wa kemia yupo, ndiye aliyemshauri aombe, na amemwona ameshika chupa za maabara kwa macho yake! Ameshaombwa barua? Hukusema.

Ipo pia njia ya kutokimbizana na tarehe. Programu nyingi hupokea wanafunzi baada ya muhula au mwaka wa kwanza, kwa kuangalia alama walizopata pale pale chuoni. Akiingia kama mwanafunzi wa kawaida, mwaka huo utamsemea, wala haitahitajika barua ya mama. Hasara ni kwamba baadhi ya ufadhili hutolewa kwa wanaoanza tu, na kuungoja mwaka kwa mtoto wa miaka 17 ni mbali. Hata msaada wa fedha wa serikali kuu usikukoseshe usingizi: aliyemaliza masomo ya nyumbani kwa kufuata sheria ya jimbo lake anaruhusiwa kuomba kwa fomu ya FAFSA kama wengine.

Umesema hujui kama ile P inahusu. Mimi nimeirudia mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua yako. Msichana alisoma peke yake jikoni kwa shangazi, akafika Minnesota, akawa na binti aliyesoma peke yake jikoni kwa mama. Wewe umeificha P yako kwenye kila fomu. Yeye ya kwake ameiweka sentensi ya kwanza, mahali msomaji hawezi kuikosa. Sijui kama anajua habari ya kwako. Kama hajui, ndiyo kusema anaandika juu ya mwaka ule bila kujua kwamba aliyekuwa anamjibu kwa kalamu nyekundu aliwahi kukaa upande wa kushoto wa daftari, hana wa kumwachia ukurasa wa kulia. Kumwambia au kutomwambia ni juu yako. Naona tu kwamba huenda ndilo alilokuwa hana alipoandika, na pengine insha ikabadilika yenyewe bila mtu kuifuta, au ibaki ilivyo na wewe uweze kuisoma umekaa.

Kwa hiyo nenda nyumbani, mdogo wangu, ulale kwanza. Ukiamka mtafute binti saa ambayo hana darasa, mkae na lile daftari, mfungue hata ule ukurasa wenye duara la chai. Kiingereza msikiguse siku hiyo. Na baba yake awepo. Amesema ya nyumbani hayasomwi na wageni, lakini hukuniambia kama yeye ameisoma insha yenyewe au amesimuliwa. Uji wa mwaka ule aliunywa yeye, kila asubuhi, kutoka mkono wa mtoto wa miaka 14. Inawezekana ana la kumwambia binti yake ambalo mimi na wewe hatulijui.